Waliododa Chini ya Bakuli

Jumapili jioni kwetu hatupiki. Mchana tukitoka kanisani tunakula nyama ya ng'ombe iliyookwa, viazi na mchuzi mzito, na jioni bado tumeshiba. Chakula cha jioni huwa bisi, tofaa lililokatwa vipande na kipande cha jibini. Mama mkwe wangu alifanya hivyo. Nilipoolewa katika shamba hili la Iowa mwaka wa 1949 niliukuta utaratibu huo, nami nikaufuata.

Mume wangu anaitwa Verlyn Lorenzen. Analima mahindi ya kawaida na soya, lakini ekari sita za kando ya barabara huzipanda mahindi ya bisi. Mengine huuzwa, mengine hubaki nyumbani. Aliyetupikia bisi miaka yote hiyo alikuwa wifi yangu Ardith, dada yake Verlyn. Alikuwa na sufuria nzito ya chuma. Alitia vijiko vitatu vya mafuta ya nguruwe, akamimina punje, akafunika, akatikisa. Kisha alimwagia siagi na chumvi. Nyumba nzima ilinukia.

Ardith hakuolewa. Mwaka ninaousimulia, yaani 1983, alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alilala katika chumba kilekile alimozaliwa. Alifuga kuku, alifua, alisindika matunda na maharage kwenye chupa. Mimi nilikuwa mama mwenye nyumba, lakini kazi nyingi za nyumba alizifanya yeye.

Sasa lazima nieleze neno moja, maana mambo yote yalianza na neno hilo. Chini ya bakuli la bisi hubaki punje ambazo hazikupasuka. Ni ngumu, zinaweza kukuvunja jino. Watu wa kwetu huziita kwa jina la mwanamke aliyezeeka bila kupata mume. Tunaziita waliododa. Ni neno la kawaida, hata mchungaji hulitumia. Ila si kila nyumba ina mwanamke wa namna hiyo ameketi palepale mezani.

Kila Jumapili bisi zilipokwisha, Verlyn alitikisa bakuli. Punje zikalia. Akamwambia dada yake, "Ardith, ndugu zako hawa hapa, wamedoda."

Tulicheka. Jirani akiwepo, naye alicheka. Mimi nilicheka kwa miaka thelathini na minne, na naandika hivyo ili ijulikane. Ardith alichukua bakuli, akaenda kuwamwagia kuku zile punje. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha wetu ulichelewa tu.

Mwezi wa tatu mwaka ule Verlyn alianguka kwenye zizi. Ulikuwa moyo. Alilazwa hospitali siku kumi na moja. Siku ya kutoka daktari alituita sote watatu. Alisema mishipa ya moyo wake imeziba kwa mafuta. Alimkataza sigara, nyama ya nguruwe ya kukaanga, siagi, chumvi nyingi na mafuta ya nguruwe.

Verlyn aliacha sigara, na kwa hilo nampa sifa. Aliacha na nyama ya nguruwe. Lakini alipoambiwa kuhusu bisi za Jumapili alimwangalia daktari kama ameambiwa auze shamba.

Binti yetu Renae ni muuguzi katika mji wa Des Moines. Alituletea mashine ya bisi. Ni chombo chepesi cha plastiki, kirefu kama jagi kubwa. Ndani kina chumba cha bati na feni. Unakichomeka kwenye umeme, kinapuliza hewa ya moto, punje zinazunguka mpaka zinapasuka na kumwagika kwenye bakuli. Hakihitaji mafuta hata tone. Renae alimwambia baba yake kwamba sasa anaweza kula bisi kila siku akipenda, na moyo usidhurike.

Verlyn akasema, "Tutaona. Ikishindwa, narudi kwenye sufuria yangu. Kama ni kufa, nife nimeshiba."

Hayo aliyasema mbele ya Ardith. Tangu siku ile wifi yangu alijua kwamba mashine ile ikishindwa, kaka yake atarudia mafuta. Na akirudia mafuta, tutamzika.

Jumapili ya kwanza Ardith alikuwa nje akiwapa kuku maji. Verlyn alikuwa sebuleni mbele ya televisheni, akiuliza bisi ziko wapi. Nikaona nianze mwenyewe. Nilimimina punje kwenye mashine. Nikaziangalia. Nikasema moyoni, bisi bila mafuta ni chakula cha ng'ombe. Nikachota kijiko kimoja tu cha mafuta ya nguruwe, nikatia ndani, nikawasha.

Moshi ulitoka kabla ya dakika moja. Ulikuwa mweusi, wenye harufu ya kuungua. Plastiki ya juu ikaanza kulegea. Mimi nilisimama tu. Ardith aliingia mbio, akachomoa waya, akaibeba ile mashine kwa taulo na kuitupa nje kwenye matope.

Verlyn alifika jikoni akikohoa. Alimkuta dada yake na taulo mkononi. Akamwambia, "Umeunguza zawadi ya mwanangu. Kitu kidogo kama hiki kinakushinda?"

Ardith alinitazama mimi. Nilikuwa nafuta meza. Niliendelea kufuta.

Jumamosi iliyofuata Ardith alikwenda mjini akanunua mashine nyingine kama ile. Hakumwambia mtu. Jumapili aliitumia bila mafuta, na haikuungua. Lakini bisi zenyewe zilikuwa za kusikitisha. Zilizopasuka zilikuwa ndogo na ngumu. Nusu ya punje hazikupasuka kabisa. Nyingine ziliruka nzimanzima na kutawanyika mezani.

Verlyn alitia mkono kwenye bakuli, akalitikisa. Lililia kwa nguvu.

"Leo ukoo mzima umekuja," akasema. "Shangazi, mama wadogo, wote wamedoda. Ardith, wapishe wakae."

Kisha alinyanyuka, akatoa sufuria ya chuma kabatini, akaiweka jikoni mwenyewe. Ardith alisimama mbele ya jiko. Alimwambia kwamba daktari amekataza. Verlyn alimsukuma kando kwa bega, si kwa nguvu, lakini alimsukuma. Akatia vijiko vitatu. Alikula bakuli zima, siagi ikimchuruzika vidoleni, huku akituangalia kama mtoto aliyeshinda ugomvi.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi ya ghala la nafaka. Alifika katikati, akakwama. Alishikilia chuma kwa mikono miwili, uso umekuwa wa kijivu. Mimi na Ardith tulimshusha hatua kwa hatua. Daktari alisema si lile bakuli moja lililomfikisha pale, ni mabakuli ya miaka arobaini. Lakini kila bakuli jipya linaongeza. Akasema safari nyingine hawezi kuahidi.

Nililia garini wakati wa kurudi. Ardith hakulia. Alipofika nyumbani alipiga simu ofisi ya wilaya, akamwomba bibi maendeleo aje.

Bibi maendeleo wetu alikuwa Bi Eunice Tjaden. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na viatu vya mwanamume. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu mapishi bora, kusindika vyakula na kutunza nyumba. Alikuja Alhamisi na kikapu. Verlyn alikuwa mezani, maana alikatazwa kwenda shambani. Alimkaribisha kahawa, lakini midomo yake ilikuwa imebana.

"Bi Tjaden," akasema, "mimi nalima mahindi ya bisi tangu kabla hujajua kusoma. Ila kama una la kunifundisha, sawa, kahawa ipo."

Bi Tjaden alicheka. Alisema hakuja kufundisha mahindi, amekuja kuangalia mashine. Aliikagua ndani kwa tochi. Akauliza kama imewahi kutiwa mafuta.

"Hii hapana," Ardith akajibu. "Ya kwanza ilitiwa."

"Nani aliitia?"

Nilikuwa nimeshika birika. Ningeweza kusema neno moja tu. Ardith alinipa muda wa kutosha, nakumbuka vizuri, alinipa muda.

"Mimi," akasema Ardith.

Bi Tjaden hakumkemea. Alieleza polepole. Mashine hii hupika kwa hewa. Chini yake kuna waya unaowaka kama wa pasi. Mafuta yakidondoka kwenye waya ule yanashika moto. Siagi ni hivyohivyo, chumvi na sukari huharibu feni. Kitu kinachoingia mle ndani ni punje kavu peke yake. Ukitaka kuongeza ladha, ongeza kwenye bakuli, bisi zikishatoka. Na mashine iliyotiwa mafuta mara moja isitumiwe tena.

Kisha alitoa kikapuni chupa ya punje za dukani, iliyofungwa vizuri. Alipima nusu kikombe, akazitia kwenye mashine ya Ardith. Baada ya dakika mbili na nusu bakuli lilijaa hadi juu. Bisi zilikuwa kubwa na nyeupe. Alingoja mashine ipoe. Akapima nusu kikombe cha punje zetu, akazitia. Matokeo yalikuwa yaleyale ya Jumapili.

"Basi mashine ni nzima," Bi Tjaden akasema. "Mpishi naye hana kosa. Punje zenu mnaziweka wapi?"

Hapo Verlyn alichangamka. Alimchukua mpaka chumba cha chini, nasi tukafuata. Kule chini kuna tanuri kubwa la kupasha nyumba joto. Juu ya bomba la tanuri palikuwa na mfuko wa kitambaa, unaning'inia kwenye msumari.

"Nimeutundika mwenyewe mwezi wa kumi," akasema. "Miezi sita juu ya moto. Hakuna unyevu humo. Ghala la ushirika linakukata bei ukiwapelekea mahindi yenye maji. Baba yangu alinifundisha hivyo: mahindi makavu ndiyo mahindi."

Mkulima yeyote wa kwetu angesema hivyohivyo. Tunapima unyevu wa mahindi mara nyingi kuliko tunavyopima homa ya watoto.

Bi Tjaden alichota punje kiganjani. "Kwa mahindi ya ng'ombe ni kweli," akasema. "Bisi ni jambo lingine. Ndani ya punje ya bisi mna maji kidogo sana, yamefungwa na ganda gumu. Ukiipasha moto, yale maji yanageuka mvuke. Mvuke unatafuta pa kutokea, unasukuma, mpaka ganda linapasuka. Hayo maji ndiyo yanayoipasua. Yakikauka, ichome utakavyo, haitapasuka. Kwenye mafuta ya nguruwe mlikuwa hamwoni sana, kwa sababu mafuta yanashika joto kali na siagi inaficha makosa. Hewa haifichi."

Verlyn alisema punje nyingine ni mbovu tangu shambani, ndivyo zilivyoumbwa, na ndiyo maana zikapewa jina.

"Hapana," akasema Bi Tjaden. "Hii si mbovu. Imekaushwa."

Ardith alikuwa nyuma, kwenye ngazi. "Hebu sema tena," akamwambia.

"Nasema punje si mbovu. Imekaushwa na mahali ilipowekwa."

Mimi nilijua Ardith anafikiri nini, maana nilikuwepo.

Ardith aliwahi kuchumbiwa. Mwanamume aliitwa Milo Hanrahan, alikuwa anapita na lori kukusanya maziwa. Alikuwa mcheshi, na alimpenda. Mwaka huohuo mama mkwe wangu alipooza upande mmoja. Verlyn alimwambia dada yake, ngoja mama apone kwanza. Mama hakupona. Alilala kitandani miaka kumi na mmoja, na Ardith alimgeuza, akamwosha, akamlisha. Milo alingoja mitatu. Kisha akaoa kwingine.

Mimi nilikuwa mke wa mwana, kijana, mwenye nguvu. Ningeweza kumwuguza mama mkwe wangu. Hakuna aliyenikataza. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa kunyamaza. Halafu kila Jumapili nilikaa mezani nikamcheka aliyedoda.

Bi Tjaden alitufundisha kuzirudishia punje maji. Alichukua chupa ya kioo ya lita moja yenye kifuniko. Aliijaza punje mpaka robo tatu. Akaongeza kijiko kikubwa kimoja cha maji, hicho tu, akafunga kwa nguvu na kuitikisa. Alisema tuitikise kila baada ya dakika chache mpaka maji yote yanywewe, halafu mara mbili kwa siku, kwa siku nne. Tuiweke kabatini penye ubaridi, mbali na jiko na tanuri. Siku ya tano tujaribu punje chache. Zikigoma, kijiko kidogo kingine, tungoje tena.

Verlyn alisema, "Sasa hayo Ardith alipaswa kuyajua. Kazi yake ni jikoni."

Alipanda juu kunywa kahawa yake.

Kabla ya kuondoka Bi Tjaden alisimama kwenye rafu za chumba cha chini. Zilikuwa na chupa mia na zaidi: pichi, maharage, nyanya, matango ya siki. Kila chupa ilikuwa na tarehe na maandishi safi. Aliuliza ni kazi ya nani. Nikasema ni ya wifi yangu, na angalau hilo nililisema. Walibaki pale chini wawili wakiongea kwa muda mrefu. Nilidhani wanaongea habari za matango.

Siku nne Ardith aliitunza ile chupa. Aliitikisa asubuhi akienda kwa kuku na jioni akirudi. Jumatatu alijaribu punje kumi peke yake. Sikumwuliza zilifanyaje. Niliona anafunga kifuniko tena kwa utulivu, nikajua zimepasuka.

Jumapili ikafika. Ardith alipima nusu kikombe. Alimimina, akaweka bakuli kubwa chini ya mdomo wa mashine, akawasha, akasimama karibu. Mwanzoni ilikuwa ngurumo ya feni tu. Kisha moja ikapasuka, kisha tatu, kisha zikashindana. Bisi zilimwagika nyeupe mpaka zikavuka ukingo. Mlio ulipopungua akachomoa waya. Bisi zikiwa bado moto alinyunyiza pilipili nyekundu ya unga na unga wa kitunguu.

Verlyn alikula. Alikula kimya na haraka, mkono ukirudi na kurudi. Nilimwona anafurahi na anakasirika kwa kufurahi. Alipofika chini alianza kupekua kwa kidole. Alipekua kwa muda. Mwishowe alizipata, akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

"Nne," akasema. "Umewapunguza, Ardith. Lakini bado mpo."

Sikucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ilikuwa imechelewa sana, na sidhani Ardith alijua kama nimecheka au la.

Ardith aliweka kitambaa chake mezani. "Nne katika nusu kikombe," akasema. "Juzi zilikuwa nusu bakuli. Shamba ni lile, mbegu ni ile, mashine ni ile. Nilichofanya ni kuzitoa pale ulipoziweka. Na mimi natoka, kaka. Jumatatu ijayo."

Verlyn aliuliza anakwenda wapi. Ardith alieleza bila kupandisha sauti. Ofisi ya wilaya ilikuwa inatafuta mwanamke wa kuzunguka vijijini kufundisha kusindika chakula na mapishi ya wagonjwa wa moyo na sukari. Bi Tjaden alimwombea kazi hiyo. Alikuwa ameshapata chumba mjini, juu ya duka la nguo, chenye madirisha mawili. Alikuwa amekubaliwa tangu Ijumaa.

Nilimwangalia Verlyn. Nilitumaini atasema asante. Alikuwa ameokolewa na dada yake mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nilitumaini atasema hata samahani, kwa jambo lolote, angechagua yeye.

"Na bisi zangu atapika nani?" akauliza.

"Utapika wewe," Ardith akasema. "Nimekuandikia."

Karatasi ile bado ipo kwenye mlango wa kabati letu. Naiweka hapa kama ilivyo, maana itamfaa mtu mwingine.

"Verlyn. Punje zikae kwenye chupa iliyofungwa, kabatini. Usizitundike popote. Pima nusu kikombe, usizidishe, zikijaa sana hazizunguki na zitaungua. Ndani ya mashine usitie mafuta, siagi, chumvi wala sukari, hata kidogo, hata ukiona utamu umepungua. Bakuli liwe kubwa. Usiondoke jikoni mashine ikiwaka. Usiinamie mdomo wake, punje moto huruka na jicho halioti tena. Ukiona unahesabu mpaka tatu kati ya mlio na mlio, zima na uchomoe waya. Kifuniko kina moto, ngoja. Kabla ya kupika mara ya pili, mashine ipumzike robo saa. Usiioshe kwa maji. Ikipoa, ifute kwa kitambaa kikavu. Ladha utie kwenye bakuli: pilipili, kitunguu, mdalasini ukitaka. Daktari anakuruhusu hayo yote. Ardith."

Siku ya kufungasha nilikwenda chumbani kwake. Vitu vyake vilienea kwenye masanduku mawili. Miaka hamsini na miwili, masanduku mawili. Nilikaa kitandani, nikamwambia kwamba mafuta yale ya kwanza niliyatia mimi.

"Najua, wifi," akasema. "Ulikuwa na mafuta kwenye mkono wa sweta."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa lako la kusema."

Aliendelea kukunja nguo. Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Verlyn alijifunza. Wiki mbili za kwanza alinuna, akala mkate na jibini. Wiki ya tatu alisimama mbele ya kabati na miwani, akasoma ile karatasi huku midomo ikitembea. Alimwaga punje, alisahau bakuli, nilifagia. Lakini alijifunza. Sasa anapima kama mfamasia. Sufuria ya chuma nimeigeuza ya kuchemshia nguo. Alipungua ratili ishirini na mbili kabla ya mavuno. Mwezi wa tisa daktari alimpima damu na kumpongeza, akasema hakutarajia. Verlyn alipanda ngazi ya ghala mpaka juu, akapunga mkono.

Ardith naye alisifiwa wilaya nzima. Wanawake walimngojea kwenye kumbi za makanisa. Nilisikia habari zake kwa watu, kama mtu anavyosikia habari za jirani aliyehama.

Mwezi wa kumi alikuja kuchukua cherehani yake. Alikuwa amekata nywele. Alikuja na gari dogo la ofisi, akaendesha mwenyewe. Verlyn alimwona kupitia dirishani. Akaenda jikoni. Nilisikia akipima punje kwa kikombe, kisha feni. Alirudi na bakuli limejaa.

Kwetu mtu akikaribishwa chakula hukataa mara ya kwanza. Hukataa na ya pili. Mara ya tatu hukubali. Hiyo ni adabu, hata mwenye njaa hufanya hivyo, na hata wagombanao hawaivunji.

"Kula bisi, Ardith," akasema Verlyn.

"Hapana, asante. Usijisumbue."

"Kidogo tu. Umetoka mbali."

"Asante, kaka. Sina njaa."

Nilingoja. Verlyn naye alingoja kidogo, akakohoa. Alimsogezea bakuli karibu kabisa.

"Nimezipika mwenyewe," akasema. "Nimefuata karatasi yako. Zimepasuka zote."

Ardith aliinama akaangalia ndani ya bakuli. Alichukua muda, kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Umezipika vizuri," akasema. "Lakini sitaki."

Alishika cherehani upande mmoja, mimi nikashika upande mwingine, tukaipeleka garini. Alinishukuru. Akawasha gari akaondoka.

Niliporudi ndani Verlyn alikuwa bado amesimama palepale na bakuli mkononi. Aliniuliza kama nimehesabu mara alizomkaribisha. Nikamwambia nimehesabu, zilikuwa tatu.